Taulo Chini ya Kichwa

Mteja alianguka kutoka kitini, nywele zimesukwa upande mmoja tu, mwili mzima ukikakamaa na kutetemeka. Wenzake wakatimka mpaka mlangoni.

"Mtie kijiko mdomoni, atajing'ata ulimi!" mmoja wao alipiga kelele.

"Hakiingii kitu humu," alifoka msusi. Alisogeza pasi ya nywele, akamwekea taulo chini ya kichwa, wala hakumbana. Kifafa kilipotulia, alimlaza kiubavu, akamfuta povu kwa kidole gumba, kama alivyozoea kumfanyia marehemu mumewe.

Macho yakafumbuka.

"Umerudi, mume wangu?" Maneno yalimponyoka msusi.

Mteja, akili bado haijamkaa sawa, aliitikia kwa sauti ndogo, "Nimerudi."

"Vipi, keshazinduka?" waliuliza wa mlangoni.

Msusi aliushika mkono wa mteja kwa nguvu.

"Bado," alisema.