Fimbo Inayofariji

Mwalimu wa dini aliuliza fimbo ya zaburini inamfarijije mtu, nasi wanafunzi wa bweni tukatazamana kwa majonzi ya wenye uzoefu.

"Kwetu Madibira fimbo ni ya kumpigia fisi," Makoye alijibu. "Ndama akisikia mchungaji anaigonga chini, anasogea karibu."

Niliitikia amina kwa sauti nzito. Fimbo ya mwalimu, iliyopotea tangu asubuhi, ilikuwa ndani ya suruali yangu, kuanzia kiunoni hadi kisiginoni. Siku nzima nilikuwa nachechemea, na darasa lote lilikuwa limeniombea goti.

Ndipo dume la ng'ombe la shamba la shule lilipokata kamba. Lilikuja mbio uwanjani, tulipokaa tukiota jua la Iringa, pembe zikimlenga mwalimu. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Makoye alisimama mbele yake, mikono mitupu.

"Nipeni fimbo," alisema bila kugeuka. "Yoyote."

Kila mtu alitazama chini, akitafuta. Mwalimu alikuwa ameanza kunong'ona zaburi yote upya.

Nililegeza mkanda, nikaivuta. Ilitoka polepole, ndefu, ikinikwaruza paja, na wote walioniombea wakaiona ikitoka.

Makoye aliigonga chini. Dume likasimama, likapumua kwa kishindo, kisha likainama kula nyasi.

Mwalimu alijifuta jasho, akaipokea fimbo yake na kuutazama mguu wangu.

"Goti limepona," alisema taratibu. "Bwana asifiwe. Sogea karibu."