Kilo Nne za Mwisho

Edah alimkuta mumewe mbele ya kioo cha kabati, kifua wazi, ameukamata mkunjo wa tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyemshika mwizi shati.

"Kilo nne tu," Wabwile alinong'ona. "Kilo nne, Sifuna, halafu nakuja."

Edah alirudi nyuma kimyakimya na sahani yake ya viazi.

Sifuna alikuwa kaka mkubwa wa Wabwile, mkaaji wa Kanduyi, kule Bungoma. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne, tangu siku walipomzika mama yao huko Kamukuywa. Siku hiyo Wabwile alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alikuwa na kilo mia moja ishirini na moja, jua lilikuwa la saa nane, na njia ilikuwa ya kupanda. Pumzi zikamwishia. Goti likakunjika, jeneza likagusa ardhi.

Sifuna akamsukuma kando mbele ya waombolezaji wote. "Toka hapa! Tumbo lote hilo na kumbeba aliyekuzaa huwezi!"

Kuna watu waliocheka. Mazishini, wakacheka.

Tangu hapo Wabwile hakupigwa picha tena. Kanisani alikaa nyuma kabisa, koti limefungwa vifungo vyote hata kukiwa na joto.

Kisha Januari hii akaanza kukimbia. Kila alfajiri, kabla ya kufungua duka lake la mbegu hapa Kitale, alishika barabara ya kwenda Kiminini, akarudi amelowa jasho, uso umekuwa wa kijivu. Pombe aliacha. Chumvi aliacha. Wenzake sokoni walimtania, "Bana, ati unatafuta bibi wa pili?" Goti lilipovimba, Edah alimletea vidonge vya maumivu, naye akavisukuma kando.

"Hivyo hapana. Si sasa."

Edah alikwenda kumwona Kibiwott, kijana mwenye jimu nyuma ya soko, ambako mumewe alikuwa akinyanyua vyuma jioni.

"Mama, wanaume wa rika lake huja hapa kwa sababu ya presha, ama suti ya harusi, ama mpango wa kando," Kibiwott alisema. "Huyu wako simwelewi. Kifua hajali, mikono hajali. Anapanda mizani, anaandika, anaenda. Nikamuuliza, mzee, ni nini kinakusukuma hivi? Akaniambia, ni kaka yangu."

Jioni hiyo Edah alijaribu kumtuliza mumewe.

"Baba Nanyama, huyo Sifuna unayemuwekea kinyongo si yule tena. Watu wa Kanduyi wanasema amekonda, miguu imevimba, hata kutoka nje ni shida."

"Nimesikia," Wabwile alisema, akifunga kamba za viatu. "Ndiyo maana naharakisha."

Wiki iliyofuata alimpeleka Edah kwa wakili, akaliandikisha duka kwa jina la mkewe. Edah alipouliza kwa nini, Wabwile alisema tu kwamba mwanamume akienda mahali asipojua atarudije, huacha nyumba yake imesimama. Edah alitia sahihi huku machozi yakidondoka kwenye karatasi. Akilini aliwaona askari, aliiona mahakama, alimwona mtoto wao Nanyama akiulizwa shuleni babake yuko wapi.

Jumamosi moja, asubuhi, Wabwile alitoka bafuni amenyoa ndevu, shati jipya limemkaa vizuri mwilini. Ni kweli alikuwa mwanamume mwingine. Shingo ilikuwa inaonekana, mabega yamesimama.

"Naenda Kanduyi," alisema.

"Basi tunaenda wote."

Wabwile akamfungulia mlango wa pikapu.

Walipopita Kamukuywa, Wabwile hakugeuza shingo, lakini Edah aliona vidole vyake vikiubana usukani mpaka vikapauka. Akaificha simu kando ya paja, akamwandikia Lorraine, mke wa Sifuna: *Wabwile anakuja na hasira ya mazishi. Fungeni mlango.*

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi. *Mwache aje.*

Edah alilisoma mara tatu. Huyu mwanamke hajui, alijiambia. Hajui huyu ni mtu wa namna gani sasa.

Walipofika, mlango ulikuwa wazi. Sifuna alikuwa ameketi kwenye kochi, amefunikwa blanketi mchana wa jua, uso umevimba chini ya macho, midomo mikavu. Alimwona mdogo wake, akashika mkono wa kochi ili asimame. Akashindwa. Akajaribu tena, akaanguka pale pale.

"Umekuja," alisema. "Umengoja mpaka siwezi kujikinga."

Wabwile alivuka sebule bila salamu. Edah alimshika mkono kwa nguvu zote. "Baba Nanyama, nakuomba kwa jina la Mungu! Ni mgonjwa!"

Wabwile aliutoa mkono wa mkewe taratibu, akaenda kusimama mbele ya kaka yake. Sifuna akafumba macho.

Wabwile akapiga magoti. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, mpaka chini.

"Daktari alinikataa mwezi wa kwanza, akasema ni mafuta. Juzi amenipima tena, amekubali," alisema. "Kwa hivyo wewe ndiye mkubwa, chagua: tukupe figo ya kulia, ama ya kushoto?"