Risasi ya Pili

"Springi mpya umeweka, Odile?" baba aliuliza, bunduki yake ya marisau ikiwa mapajani.

"Nimeweka, Baba."

"Maana ile ya Jumapili ilikuwa takataka tupu."

Haikuwa takataka. Bunduki ile hujipakia risasi ya pili kwa nguvu ya teke lake inapofyatuliwa, na teke hilo linataka bega lisiloyumba. Tangu apate kiharusi, bega la baba lilikuwa likirudi nyuma, na risasi ikikwama. Mikononi mwangu haikukwama hata mara moja.

Sikumwambia. Kila wiki nilibadilisha kipuri kizima, naye akawa na sababu ya kurudi hapa kinamasini kukijaribu.

Bata wakainuka juu ya matete. Baba alifyatua. Ganda tupu likaruka, likaanguka majini likifuka moshi. Risasi ya pili ikapanda yenyewe, ikakaa mahali pake, klak!

Akafyatua tena.

"Umeona?" alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Si nilisema ni springi? Mwambie mama yako abandike sufuria ya mchuzi wa gumbo!"

"Ulisema, Baba."

Mfukoni, niliifumbata springi mpya, ingali imefungwa kwenye karatasi yake.