Hasi Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ya fundi kompyuta ilileta namba ambayo haijawahi kuja: hasi mbili.

Aliiacha chai yake mezani inafuka moshi. Akampigia mama yake, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akampigia bosi, akamwambia neno moja tu, "Mama," wala hakumalizia. Saa moja alikuwa ndani ya basi.

Namba hiyo ilitoka kwenye jedwali la kompyuta alilolitengeneza mwenyewe. Mama yake aliishi peke yake tangu baba alipofariki, na kazi ilimbana kijana hata kupiga simu ikawa mbinde. Basi akamwachia kompyuta yake ya zamani na maswali tisa. Umeamka salama? Umemeza dawa? Umekula? Hivyo hivyo mpaka la tisa: jana uliongea na mtu?

Ndiyo ni moja, hapana ni sifuri. Mama aliziandika kando ya maswali kila asubuhi, fomula ikazipanga kwa mstari, ya swali la juu ikiwa kushoto kabisa, ikazigeuza kuwa namba moja ya kawaida, na namba ikaruka mpaka kwenye simu ya mwanawe. Maswali mazito yalikaa kushoto, maana huko ndiko kwenye uzito: la kwanza lilibeba mia mbili hamsini na sita, la mwisho lilibeba moja tu.

Karibu mwaka mzima ilikuja mia tano na kumi. Ukamilifu wenyewe ni mia tano na kumi na moja.

"Mama yangu yuko fiti," aliwaringia wenzake. Iliyopungua ni ile moja ya mwisho, na nani anaacha kazi kwa sababu ya moja?

Wala mama hakuwa mtu wa kudanganya. Siku asiyooga aliandika sifuri bila haya.

Saa tisa alasiri kijana aliingia anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Mama alikuwa jikoni anakoroga sufuria, nywele zimesukwa upya.

"Mama! U mzima?"

"Kwani wewe ulitaka niweje? Nawa mikono."

"Na simu yako?"

"Imepumzika. Kila mtu na likizo yake."

"Chakula chote hiki cha nani?"

"Njaa haipigi hodi, mwanangu. Kaa."

Akala, moyo ukirudi mahali pake taratibu. Kisha akaifungua kompyuta, akautazama mstari wa siku hiyo, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, umeongeza tarakimu ya kumi! Fomula hii ukiipa tarakimu kumi, na ya kushoto kabisa ikiwa moja, inadhani umeandika namba hasi. Wewe mzima kama kigongo, yenyewe ikaniletea hasi mbili! Saa nane nzima nimekaa kwenye basi nakulilia."

"Ala! Na mashine yenyewe umeisomea miaka minne."

"Usicheke, Mama. Maswali ni tisa, usiongeze kitu tena. Ngoja nilifute hili la kumi, nikimbilie basi la jioni."

"Futa, baba," mama alisema, akageukia vyombo. Sahani aliyoishika alikwisha kuiosha mara mbili.

Kijana akapandisha jedwali mpaka juu, juu kuliko swali lake la kwanza. Hapo palikuwa na mstari mpya, wa herufi kubwa, kazi ya mtu anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja:

LEO MWANANGU ATAKUJA?

Na kando yake, tangu alfajiri, ilikaa moja.