Programu Iliyopiga Chafya

Programu ilipiga chafya Bosi akiwa katikati ya kuisifia mbele ya mgeni.

Ilikuwa chafya ya kweli, nzito, ya mtu aliyeshikwa na mafua. Ilitokea upande wa ukuta, nyuma ya meza ya Fundi wa kompyuta. Bosi akageukia ukuta. Mgeni akainua nyusi.

"Feni hiyo," alisema Fundi haraka. "Ina vumbi."

Bosi akaridhika. Yeye hutaka kitu kipendeze. Kinafanyaje kazi, hilo si shauri lake. Kampuni yake ilikodisha mahema na viti vya sherehe, na tangu apake kuta rangi nyeupe aliapa kwamba kila meza itakuwa na kompyuta ya Mac, ili maharusi wakiingia wajue wamefika. Kompyuta ya Windows ikapigwa marufuku. "Nikiikuta humu ndani," alitangaza, "itatoka, na aliyeileta ataibeba."

Tatizo lilikuwa Mratibu. Hiyo ndiyo programu iliyojua kila kiti kiko wapi na kila hema linarudi lini; bila yake wangepeleka mapambo ya harusi msibani. Na Mratibu haikukubali kompyuta yoyote isiyo ya Windows. Fundi alijaribu kila njia aliyowahi kuisikia, na nyingine alizozibuni mwenyewe. Programu ikagoma kama punda. Mwishowe Bosi akamwita na kumuuliza kwa ule upole wake wa kutisha, "Kijana wangu, kazi hii umeiweza, au niite mwingine?"

"Nimeiweza," alisema Fundi, akaenda kumchukua shangazi yake.

Shangazi alikuwa mchapaji hodari aliyepunguzwa kazini, siku hizi akishinda nyumbani kugombana na redio. Fundi alimkalisha stoo, nyuma ya viti vilivyopangwa hadi dari, pamoja na kompyuta kuukuu ya Windows iliyofunikwa kitambaa cha meza. Wafanyakazi waliuliza swali kwenye Mac zao, swali likapita kwa waya chini ya mlango, Shangazi akaliandika upya kwenye Mratibu, akasoma jibu na kulirudisha. Ofisi nzima iliamini Mratibu imehamia ndani ya Mac. Walilalamika tu kwamba mchana, watu wakishakula, inakuwa nzito.

Shangazi alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu aachishwe kazi. Aliipenda hasa Mratibu. Akikosea, haikumfokea kama programu nyingine. Iliandika, Tafadhali angalia tena, huenda umechoka. Naye kila asubuhi, kabla hajaanza, aliandika kwenye kisanduku cha maoni: Umeamkaje?

"Shangazi, hiyo ni mashine," Fundi alimwambia.

"Na mimi nina adabu zangu. Salamu haijamuua mtu."

Sasa Bosi, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alikuwa amejitapa hadi kwa kampuni iliyowauzia Mratibu. Ndiyo maana mgeni, aliyetumwa na kampuni hiyo, alikuwa amekaa pale na tai yake, akijifuta jasho ilhali kiyoyozi kilikuwa kinavuma.

"Miaka yote tumewaambia wateja haiwezekani," alisema. "Windows peke yake. Kama kweli nyinyi mmeiweka kwenye Mac, basi kuna mtu kwetu hana kazi tena."

"Pole yake," alisema Bosi, na furaha ikimtoka hadi masikioni.

Chafya ya pili ikalia.

"Feni yenu ina mafua," alisema mgeni taratibu.

Bahati ikaja kwa sura ya kilio. Kule mapokezi bibi harusi alikuwa anaangua kilio kwa sababu vitambaa vya viti havilingani na viatu vya mama mkwe, na Bosi akatoka mbio kwenda kumbembeleza. Mgeni hakumfuata. Aliutazama waya chini ya meza ya Fundi, akaufuata kwa macho hadi unapopotelea chini ya mlango wa stoo, kisha akasimama.

Fundi akawahi mlangoni. "Kaka, mle ndani mna viti tu."

"Viti havipigi chafya."

"Kaka, nakuomba."

Mgeni akamsogeza kando bila nguvu, akafungua. Shangazi alikuwa na kitambaa puani na mkono mmoja kwenye vitufe, maana kazi ni kazi.

"Ni shangazi yangu," alisema Fundi. "Usimwambie Bosi. Akijua, tunatoka sote wawili, na kompyuta hiyo kichwani."

"Mtoto hana kosa," Shangazi alidakia. "Mimi ndiye niliyeking'ang'ania kiti hiki. Nyumbani nilikuwa naoza. Kama ni kufukuza, nifukuzwe mimi, yeye mwacheni."

Mgeni alifunga mlango nyuma yake. Aliitazama kompyuta kuukuu, akainama na kuisoma salamu ya asubuhi kwenye kisanduku cha maoni, akaisoma tena. Kisha akavuta kiti kimoja, akakaa, akashusha pumzi ndefu na kulegeza tai. Akatoa simu.

"Mjomba," alisema, "tulia, kazi yako ipo. Nimemwona yule anayekusalimia kila asubuhi. Naye wamemweka stoo, kama nilivyokuweka wewe na Windows yako. Ana mafua."

Kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya Mratibu, herufi zikaanza kutokea moja moja, za mtu anayechapa kwa kidole kimoja:

Pole na mafua, dada. Huko stoo kwenu kuna dirisha? Hapa kwangu hakuna.