Mistari Kumi na Tisa

Stima ilipotea saa kumi na mbili na robo jioni, na Kyengo akachora mstari mwekundu kwenye kalenda. Wa kumi na tisa tangu Januari.

Shule aliiachia darasa la nne, lakini hesabu hii hata waziri hangemshinda. Kila giza likiingia kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga mtaani Kimbo, haipiti nusu saa kabla Katunge wa chumba cha saba hajabisha na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mgumu kidogo, lakini moto. Jioni yenye stima, hakuna sahani. Kyengo aliwaeleza majirani maana yake: Katunge humwonea huruma mzee aliyefiwa, serikali haimwonei.

Na giza hakuliweza. Tangu amzike mkewe Nzisa, taa ikizima kitanda kilikuwa kikubwa mno.

Akapeleka kalenda Thika, ofisi ya stima. Kijana wa kaunta aliitazama kwa heshima, akasema laini ya Kimbo haina shida, waangalie ndani ya ploti. Kyengo akamwambia ndivyo wakubwa wake walivyomfundisha kudanganya.

Hata hivyo alimsumbua Gichuru, mwenye ploti, mpaka akakubali kuleta fundi. Kyengo akaandikisha wapangaji barua: atakayepatikana anaharibu stima ahame siku hiyo hiyo, hata akiwa shemeji wa gavana. Alitia sahihi wa kwanza. Katunge alitia wa mwisho, akauliza kama ni lazima.

Jumamosi fundi Ndegwa alifuata waya mlango kwa mlango, Gichuru nyuma yake, Kyengo mbele na kalenda kama askari wa gwaride. Kwenye chumba cha saba Kyengo akawazuia. Hapa wasisumbue, alisema, huyu ndiye humlisha stima ikipotea.

Ndegwa alisukuma mlango.

Chini ya sufuria koili ya jiko la stima ilikuwa nyekundu, koili ambayo Gichuru alikataza kwenye ploti nzima. Ndegwa akasema hiyo tu inatosha: jioni watu wakirudi na kuwasha taa zao, waya unalemewa, wote wanakaa gizani.

Gichuru akamgeukia Kyengo. "Mzee, wewe ndiye ulisema siku hiyo hiyo."

Katunge alikuwa ameshaanza kukunja blanketi.

"Gesi yangu iliisha Januari, mzee," akasema. "Ningekupikia na nini?"