Mshubiri wa Bi Kazija

Tangu jua lianze kuunguza watu, kila mmea unaokinga ngozi ni mali ya Shirika, na kuuotesha nyumbani ni kosa. Haitham, mkaguzi wa mtaa, alimkuta Bi Kazija uani, kando ya ndoo yenye mshubiri.

"Shikamoo, Bi."

Hakuitikia. Haitham akaung'oa mshubiri.

"Shirika linatoa krimu, Bi. Ungesubiri zamu yako."

"Mama yako alijipaka shubiri ya ndoo hii kukuachisha ziwa. Alisubiri zamu ya nani?"

Bi Kazija akavua mtandio, akainua kidevu. Shingo yake, iliyoungua kwa mionzi ya tiba ya saratani, iling'aa kwa utomvu mbichi.

"Umebakisha huku. Haya, ng'oa!"

Haitham akainamisha macho. "Shikamoo, Bi," akarudia kwa sauti ndogo.

Bi Kazija hakuitikia. Alikuwa bado ameinua kidevu, anamngoja.